Uzio wa Kwale

Kwale anaweza kuruka, lakini hapendi. Hilo ndilo jambo la kwanza mtu wa mitego hulijua, na baba yangu alilijua kuliko wengi. Ukimshtua kwale wa misitu yetu ya juu, yule wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye miguu myekundu na ngozi nyekundu kuzunguka jicho, hapandi hewani kama njiwa. Anainamisha kichwa na kukimbia chini ya vichaka, na wewe unabaki unatazama majani yakitikisika. Kwa hiyo watu wa kwetu hawamtegi mtini. Wanamjengea uzio. Uzio wenyewe haufiki gotini, ni vijiti vilivyosukwa pamoja na majani, lakini ni mrefu, unapita chini ya miti hatua mia na zaidi, na kila baada ya hatua kumi umeachwa mlango mdogo wa kupita ndege. Kwale akikutana na uzio huo, ambao angeuvuka kwa mruko mmoja tu, hauvuki. Anageuka, anaufuata taratibu huku akichakura na kuokota mbegu, mpaka afike mlangoni. Mlangoni kuna waya.

Nilipokuwa mtoto nilimdharau sana ndege huyu. Siku moja baba aliporudi na watatu begani, nilimwambia kwamba kwale ni mjinga kuliko hata kuku. Baba hakucheka.

"Haiko mujinga," alisema. "Iko na haya. Mwenye haya anapenda njia yenye ilishatengenezwa."

Siku hizo tuliishi kwenye mteremko chini ya msitu, upande wa Kahuzi, mahali ambapo mashamba ya chai yanakoma na miti mikubwa inaanza. Baba alikuwa na uzio aliourithi kwa babu, na sheria alizozirithi pamoja nao. Mwanamke havuki uzio wa mitego. Waya hufunguliwa na aliyeutega au mtoto wake wa kiume, si mtu mwingine. Mtego hauachwi: ukitaka kushuka nyumbani kwa siku nyingi, lazima upite mlango kwa mlango ufungue kila waya, kwa sababu mtego ulioachwa unaua bila mtu wa kula, na ubaya wake unakufuata mpaka nyumbani. Tena msituni jina la mtu haliitwi kwa sauti. Mkitafutana, mnalia kama kwale.

Mlio wenyewe si wa kupendeza. Ni mkavu, unakwaruza, una pande mbili, na ndege anaurudia haraka haraka kama mtu anayegombana na mlango uliokwama. Hulia alfajiri na jioni, na siku za ukungu hata mchana. Baba alimfundisha kaka yangu mlio huo nyuma ya jiko, jioni baada ya jioni, viganja viwili mdomoni, na kaka hakuuweza. Mimi nilikuwa ndani nachagua maharage, ukuta wa matete katikati yetu, na niliuweza wiki ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza. Jambo hilo lilinikera miaka mingi, na nisidanganye, bado linanikera kidogo.

Kisha bunduki zikafika msituni. Asubuhi moja tulikimbia na godoro moja na sufuria mbili, na baba hakupata nafasi ya kupanda juu kufungua mitego. Tulifikia Kadutu, mjini Bukavu, kwenye kile kilima ambacho nyumba zake zinakaliana mabegani, na hatukurudi tena. Kaka yangu alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu. Mimi niliolewa, nikafiwa na mume, nikaanza kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na baba akaja kukaa kwangu.

Miaka miwili iliyopita kichwa chake kilianza kumtoka. Kwanza alisahau mahali pa kuweka kofia, halafu akasahau choo kiko upande gani, halafu akasahau mwaka. Lakini mitego hakuisahau. "Tuliacha mitego wazi," aliniambia wakati wa kula, wakati wa kuoga, katikati ya sala. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimjibu kwamba zile waya zilishaoza na uzio ulishakuwa mbolea. Mara nyingine nilimjibu kwa ukali, maana ukiulizwa neno moja mara thelathini kwa siku, hata ungekuwa malaika mabawa yangekudondoka.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mvua ndogo, mwaka huu. Niliteremka ziwani mapema kuchukua sambaza kwa wavuvi, kama kawaida, na kumwacha baba chini ya uangalizi wa jirani yangu, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri na macho mazito. Niliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Koti kubwa la baba halikuwepo msumarini.

"Nilifikiri iko ku choo," jirani alisema, na akaanza kulia kabla sijamgombeza. Kwa hiyo nilimgombeza akiwa analia.

Niliacha ndoo ya samaki mlangoni na kuteremka ngazi za udongo mpaka barabarani, pale madereva wa moto, zile pikipiki za kubeba watu, wanapongojea wateja. Niliuliza kama kuna aliyemwona mzee mrefu mwenye koti. Kijana mmoja akawa anaangalia pembeni. Mkononi alikuwa na redio ya baba.

"Muzee njo alinilipa nayo, maman," alisema. "Alisema anaenda kufungua mitego yake. Nilimuacha kule juu, pale barabara inaingia mu pori."

"Na wewe ukamuacha peke yake? Kule kwenye batu ba bunduki?"

"Alisema mutoto yake anamungojea."

Nilimwambia redio ile haijawahi kusikika tangu ilipoanguka, na kwamba sasa atanipeleka mimi na kunisubiri, la sivyo nitapiga kelele hadi Kadutu nzima ijue amemtupa mzee msituni. Alinipeleka. Njia yote nilikuwa nimeshika mabega yake na kumhesabia baba saa: amefika saa moja, sasa ni saa nne. Mtu wa umri wake, mvua, baridi ya kule juu. Kama halali chini ya mti sasa, atalala jioni, na akilala jioni haamki. Hali ilikuwa hiyo, na niliijua vizuri. Nilitakiwa kumtoa kabla ya giza.

Kijana alisimamisha moto kwenye mashamba ya zamani ya chai, ambayo sasa hayakatwi na yamekuwa marefu kuliko mtu. Hakutaka kusogea zaidi. Sikumlaumu. Msitu ule una walinzi wa mbuga wanaomkamata yeyote anayeingia, na una watu wengine wenye silaha ambao hawakamati, na ukisikia hatua huwezi kujua ni za nani. Nilivuta vizuri buti zangu za mpira, zile za kwendea ziwani, nikafunga kitenge kiunoni na kuingia.

Njia ya baba ilikuwa bado ipo. Watu wengine walikuwa wanaitumia, kwa sababu majani yalikuwa yamelazwa na kulikuwa na kinyesi cha mbuzi mahali ambapo mbuzi hana kazi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini ya matawi. Nilitembea labda robo saa, kisha nikasimama, kwa sababu nilitambua kwamba sijui la kufanya. Mdomo ulitaka kuita "Papa!" na meno yakaukataza. Kuita kule ni kujitangaza. Basi nikaweka viganja mdomoni.

Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu. Mara ya pili nilikohoa. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu amesimama peke yake kwenye tope, anakohoa ndani ya mikono yake. Ningekuwa na mtu wa kucheka naye, ningecheka. Mara ya tatu mlio ukatoka mkavu, wenye pande zake mbili, na ukaenda mbali.

Nikajibiwa. Nilijibiwa mara mbili. Mmoja ulitoka chini, kushoto, upande wa mto: mbaya, wa kukatika katikati, na baadaye kimya. Mwingine ulitoka juu kwenye mianzi, wenye nguvu, safi, ukirudiwa bila kuchoka. Baba ndiye aliyelia vizuri kuliko watu wote wa mteremko wetu. Sikufikiri hata kidogo. Nilifuata ule mzuri.

Nilipanda. Nikilia, ninajibiwa, na kila jibu linakuwa juu zaidi kidogo kuliko nilivyolidhania. Upupu ulinichoma mapaja kupitia kitenge. Mianzi ilikuwa imeangukiana, nikawa ninapita chini yake kwa magoti, na ndani ya kichwa nilikuwa ninagombana na baba: mbona hasimami, mbona ananipeleka, ana nguvu kiasi gani mzee huyu ambaye nyumbani hataki kuvuka ua kwenda kunawa? Nililia tena. Jibu likatoka hatua ishirini mbele yangu. Nikatulia, nikatenga majani kwa vidole.

Walikuwa wawili, dume na jike, kwenye uwazi mdogo. Dume alikuwa ananyoosha shingo. Aliniona, na jicho lile la pete nyekundu likanitazama muda wa kupumua mara moja. Kisha wote wawili wakainamisha vichwa na kukimbia kwa miguu, wala hawakuniaga.

Nilikaa chini kwenye maji. Nilitukana, na sitaandika nilivyotukana. Karibu saa mbili nzima nilikuwa nimemfuata kuku wa porini kwa sababu alimwiga baba yangu vizuri. Hapo ndipo nilipoikumbuka sheria niliyoisikia kupitia ukuta wa jiko, ambayo baba alikuwa akimkumbusha kaka kila jioni: mwenye kuitikia haondoki mahali pake. Anayeitwa anakaa. Anayeita ndiye anayetembea. Mtu yeyote aliyefundishwa kwa haki angejua tangu jibu la pili kwamba kinachosogea ni ndege. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwa wizi, na nilikuwa nimeiba mlio bila kuiba sheria yake. Ule mlio mbaya wa chini, wa kukatika, ndio uliokuwa wa baba. Pumzi zilikuwa zimemwishia.

Nilipokuwa ninateremka, bunduki ililia. Mlio mmoja, mbali, ng'ambo ya bonde. Ndege wote wakanyamaza, na mimi nikalala kifudifudi kwenye majani. Sikujua imepigwa na nani, sikujua imempiga nani. Nilihesabu mpaka mia mbili. Hakuna kilichofuata. Niliinuka na kuteremka bila kujali kelele tena, nikishika mashina, nikiteleza kwa makalio.

Karibu na mto nilikutana na uzio.

Ulikuwa mpya. Vijiti vilikuwa bado vinatoka utomvu pale vilipokatwa, na majani ya juu yalikuwa mabichi. Baba alikuwa amepiga magoti upande wa pili, koti limelowa mpaka limekuwa jeusi, na mikono yake, ambayo nyumbani haiwezi kufunga kifungo cha shati, ilikuwa inafungua waya kwa utulivu kabisa. Alifungua, akaukunja duara dogo, akauweka mfukoni. Nyuma yake milango minne ilikuwa tayari mitupu. Ndani ya koti, chini ya kwapa, kulikuwa na kichwa cha kwale hai kilichochungulia.

"Papa," nilisema. Machozi yalinitoka na sikujisumbua kuyafuta. "Papa, twende nyumbani."

Hakuinua kichwa. "Mwanamuke asivuke uzio."

"Papa, ni mimi."

"Nimesema asivuke."

Niliinua mguu. Akapiga ukelele. Sijawahi kumsikia baba akipiga ukelele kama ule, mkubwa, wa kutetemeka, ukapanda bonde lote na kurudi. Niliushusha mguu upesi na kuweka vidole midomoni, nikimwomba anyamaze. Bunduki ile ilikuwa bado ndani ya masikio yangu. Akanyamaza na kuendelea na waya wake. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hii si mitego yake, ni ya mtu mwingine, na mtu huyo akija atamuua. Akasema hawezi kushuka huku mitego iko wazi. Nikamwambia basi nitamsaidia tumalize upesi. Akasema ni mwanawe ndiye atakayemsaidia, yuko njiani.

Basi nilisimama pale. Uzio ulikuwa chini ya goti langu. Ningeweza kuuvuka, kumshika mkono na kumkokota, na angepiga kelele mpaka watu wote wenye bunduki waje kuangalia nani anachinjwa. Sikuuvuka. Yeye alipohamia mlango unaofuata, mimi nilitembea upande wangu, kandokando ya vijiti, mpaka nikafika sawa naye. Mvua ikaongezeka.

Mwenye mitego alitokea nyuma yangu. Sikumsikia, nilisikia tu pumzi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, miguu mitupu iliyopasuka, panga mkononi na gunia tupu begani. Aliangalia milango iliyofunguliwa, mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukabadilika.

"Weye maman," alisema polepole, "huyu muzee iko na kupasua mutego yangu. Batoto bangu banakula nini leo? Banakula nini?"

Nilijiweka kati yake na uzio. Nilimwambia ni baba yangu, ni mgonjwa wa kichwa, hajui anachofanya. Alinisukuma kando kwa mkono wa panga, si kwa nguvu, lakini nilianguka. Aliuvuka uzio kwa hatua moja. Nilijua sitaweza kusimama kwa wakati.

Baba akageuka na kumtazama. Uso wake wote ukafunguka.

"Umechelewa, mutoto wangu," alisema. "Anza na ule wa mwisho. Mi nilishachoka."

Kaka yangu alikufa Shabunda miaka kumi na mmoja iliyopita. Shimo la dhahabu liliwaangukia, yeye na wenzake, na walizikwa palepale walipokuwa. Habari ilinifikia kwa simu ya mtu nisiyemjua. Mimi ndiye niliyemwambia baba. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa maneno machache, kwa sababu sikujua namna nyingine, na baba hakusema neno mwezi mzima. Hatukuona maiti, hatukuona kaburi.

Yule mtu alibaki na panga lake limeshuka kando ya mguu. Alinitazama. "Anasema nini?"

"Anafikiri uko mutoto yake," nilisema, nikiwa bado chini. "Ule alikufa. Ndugu, nisaidie. Hatatoka humu mpaka mitego yote ifunguliwe, na mi hanikubali juu niko mwanamuke. Ukifungua, atakufuata. Tafazali."

"Nifungue mutego yangu mi mwenyewe?"

"Kesho utatega tena."

"Na leo?"

Wakati huo baba, aliyekuwa akitusikiliza kama mtu anayesikiliza watoto wakibishana, alilifungua koti. "Leo tunafunga kazi," alisema. "Siku ya kufunga kazi, ndege ya mwisho inaachwa iende." Akamweka kwale chini. Ndege alisimama kidogo akiwa haamini, kisha akakimbia, bila shaka, kandokando ya uzio, kwa miguu, mpaka akapotea. Yule mtu aliifuata nyama yake kwa macho, na nikaona mkono wake ukikaza panga. Mvua ilikuwa inampiga usoni na hakuifuta. Nilidhani tumekwisha.

Akanigeukia. "Toa izo buti."

Nilizivua nikiwa nimekaa, vidole vikikataa kwa baridi. Alizivaa. Zilimbana na hakujali. Kisha akalichomeka panga kwenye kamba ya kiunoni, akaenda mpaka mwisho wa uzio, akapiga magoti na kuanza kufungua.

Walifanya kazi pamoja, baba kutoka huku na yeye kutoka kule, wakikaribiana. Mimi nilikuwa nimesimama na soksi kwenye tope, nikisikiliza bonde. Baba alimkosoa. Alimwambia anakunja waya vibaya, anauvunja shingo, ndiyo maana mitego yake hainasi. Mtu yule aliukunjua na kuukunja upya. "Ivi, papa?" aliuliza, na nikaona kwamba anataka kweli kujua. "Ivyo," baba alisema. "Sasa ivyo." Nitasema ukweli wote: wakati ule, pamoja na hofu yote, niliona wivu.

Mlango wa mwisho ulipofunguliwa, baba alisimama, akampa yule mtu waya zote na kumshika mkono. Alikubali kuondoka. Tulipanda tukiwa watatu, wao mbele wameshikana mikono, mimi nyuma miguu ikivuja damu. Mara mbili mtu yule alitusimamisha kwa kuinua kidole, na tukasimama bila kupumua, na mara mbili hapakutokea kitu. Alimbeba baba mgongoni mahali penye mwinuko mkali. Tulipoanza kuona weupe wa mashamba ya chai kati ya miti, alisimama.

"Mi siwezi kufika ku barabara," aliniambia kwa sauti ya chini. "Bagarde ba mbuga banajua sura yangu."

Baba alimtazama. "Unaenda wapi?"

Yule mtu hakunitazama mimi safari hii. "Narudia panga ya pili, papa. Nilisahau."

"Si unarudi Shabunda?"

"Apana, papa. Sirudi kule."

Baba alimgusa shavu kwa kiganja, muda mrefu, akilipapasa kama anatafuta kitu kwenye ndevu. "Usikawie," alisema. Mtu yule akageuka, akarudi chini ya miti na buti zangu, na ukungu ukamfunika.

Kijana wa moto alikuwepo, amejikunja chini ya mwavuli uliovunjika, midomo ya bluu. Nilimpa mkono. Tulimweka baba katikati na kuteremka. Mahali fulani kabla ya giza, tulipoona ziwa na taa za kwanza za Bukavu, nilihisi mwili wake ukitetemeka mbele yangu na nikamkumbatia kwa nguvu zaidi. Alikuwa hai. Nilirudia neno hilo mgongoni kwake mpaka Kadutu.

Usiku baba alipandwa na homa, na asubuhi yake ilikuwa imeshuka. Jirani alileta uji na hakuthubutu kukaa. Nilikuwa nimekaa kwenye kibao, ninatoa miiba miguuni kwa sindano, na baba alikuwa anakunywa uji wake wote, bila kulazimishwa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa wiki nyingi. Hakuitaja mitego. Aliweka kikombe chini na kunitazama kwa macho safi, ya zamani, macho ya mtu anayekujua vizuri.

"We njo uliniambia alikufa," alisema.

Sindano ikasimama.

"Ulisimama pale ku mulango, ukaniambia alikufa. Nililia peke yangu. Sasa nimemuona na macho yangu. Juu ya nini ulinidanganya?"

Niliufungua mdomo kumwambia. Maneno yalikuwepo, machache, yaleyale ya siku ile, na mimi si mtu wa kuficha maneno. Niliona kikombe kitupu. Niliona mikono yake imetulia juu ya magoti. Nikafikiri: nikimwambia tena, atasikia kwa mara ya kwanza.

"Nilikosa, papa," nilisema. "Nilidanganya. Nisamehe."

Alifikiri juu ya jambo hilo. Hakuwa na hasira. Alilipima, kama alivyokuwa akipima kesi za watu wa mteremko wetu zamani, kichwa kimeinama upande.

"Ile iko zambi kubwa," alisema mwishowe. "Akifika, njo nitakusamehe."

Nikachukua kikombe na kumwongezea uji.